Dzoro Aliyetaka Azikwe kwa Jina Lake

Mara yangu ya kwanza kushughulika na marehemu ilikuwa Agosti 1985, alipoleta mbuzi wa mahari ya dada yangu Kache. Mimi, Morgan Kalama, nilikuwa nimeanza kuuza vinyago mtaa wa Ndia Kuu, hapa kisiwani, na wazee walinipa kazi ya kupatana. Nilimfungua mbuzi mmoja kinywa, nikauliza, "Huyu ni babu yake nani?" Akajibu, "Wewe muuza magogo, meno ya mbuzi utayajulia wapi? Bwana mifugo ni mimi." Tulivutana mpaka pilau ikapoa. Akaongeza mbuzi mmoja, nami nikampokea yule mbuzi mzee. Tangu siku hiyo aliniita mlamu, nami nikamwita mlamu, na utani wa mashemeji haukukatika.

Lewis Dzoro Kiti alizaliwa Bamba tarehe 14 Machi 1957, kitinda mimba wa Mzee Kiti na Mama Sidi. Alisoma papo hapo Bamba, kisha Kilifi, akasomea mifugo, na mwaka 1980 akaajiriwa. Alizunguka vijiji kwa baiskeli akichanja ng'ombe. Ng'ombe hawapigi kura, lakini wenye ng'ombe wanapiga: 1992 walimchagua diwani, 1997 mbunge, na Januari 2003 akaapishwa Waziri. Malambo mawili ya kwao aliyachimbisha yeye.

Alipopata uwaziri alipoteza jina. Kanisani, Mheshimiwa. Bamba, Mheshimiwa. Hata nduguze. Jioni moja tulitembea ufukweni, barabara ya Mama Ngina, akamwuliza muuza mihogo bei.

"Ah, Mheshimiwa, wewe chukua tu."

"Sema bei, mama, tupatane."

Mama akacheka, akamkamulia ndimu zaidi. Marehemu alirudi na muhogo mkononi, hakuula. "Mlamu," akasema, "hata bei nanyimwa."

Mwaka 2007 alishindwa uchaguzi. Simu zikanyamaza, wageni wakapotea, cheo kikabaki. Kache alipofariki Juni 2016, nyumba yao ya mtaani Kizingo ilibaki na yeye na redio. Akawa anakuja dukani kwangu asubuhi kupatana kinyago asichotaka kununua. Nikimwambia ana jicho la mwizi, ananiambia vinyago vyangu vinanifanana. Jirani yangu Yeslam, mwenye duka la pili, siku moja alikuja mbio akidhani tunagombana.

"Jamani, Morgan, mstahi Mheshimiwa!"

"Nyamaza, Yeslam," marehemu akamwambia, "utaniharibia biashara."

Figo zilianza kumsumbua 2023. Septemba mwaka huu alinishika mkono hospitalini.

"Mlamu, msalabani waandike Dzoro. Ukiwaachia waandike Mheshimiwa, nitalala na mgeni."

"Na mimi utanipa nini?"

Akacheka kwa taabu. "Nitaliacha duka lako litulie."

Alifariki Jumatano, tarehe 8 Oktoba 2025, hapa kisiwani, binti yake akiwa kando yake.

Kamati ya mazishi ilikuwa tayari imechongesha msalaba wenye Mheshimiwa. "Waziri mzima azikwe kama mpita njia?" mwenyekiti akaniuliza. Nikamwambia, "Mpita njia hana jina. Huyu analo, ila nyinyi hamlitumii." Tulivutana siku nzima. Mwisho wao walichukua jalada la kijitabu hiki cha mazishi, na picha yake yenye bendera, na vyeo vyote. Mimi nikachukua msalaba. Msalaba tunaoondoka nao leo kwenda Bamba, atakapolazwa kando ya mkewe, umechongwa upya. Umeandikwa Dzoro.

Ameacha binti mmoja, Sheryl, mjukuu mmoja, Winnie, na mlamu wake.

Kamati imepata Mheshimiwa wake. Marehemu amepata jina lake. Mimi nimepata duka tulivu, kama alivyoahidi: mteja anauliza bei, namtajia, analipa, anakwenda zake.

Mungu amwite Dzoro, na ampumzishe.