Liévin Chomba, Aliyetufundisha Kuungama Miti

Ndugu wapendwa, misioni ilikataa kuchapa wasifu huu mpaka nifute mistari kadhaa. Sikuifuta. Gérard, karani wa reli, ameupiga kwa mashine yake, na mimi Rigobert, mdogo wake marehemu, ninausoma kama ulivyo.

Marehemu Liévin Chomba alizaliwa tarehe 14 Machi 1907, karibu na Pweto, mtoto wa kwanza wa mvuvi. Alibatizwa akiwa na miaka tisa, akasoma miaka minne katika shule ya misioni. Mwaka 1926 alifika Élisabethville na kupata kazi ya kupanga mataruma ya reli. Tarehe 6 Agosti 1932 alifunga ndoa na Victorine Musonda, wakajaliwa watoto watano.

Mwaka 1934 aliacha reli, akawa katekista huku katika mtaa wetu wa Kenya, hapa mjini. Kazi hiyo aliipenda kuliko chakula. Alifundisha watu wazima waliojiandaa kubatizwa, na alipofika kwenye amri ya saba, Usiibe, aliwaongezea swali lake la kujichunguza kabla ya kuungama: "Nilikata muti bila lazima? Niliharibu maji ya benzangu?" Alisema anayemaliza msitu anawaibia ambao hawajazaliwa, tena anamwibia Mungu, aliyeviumba vyote akaona ni vyema.

Nusu ya wanafunzi wake walikuwa wakata kuni wa mwenye kandarasi aliyelisha tanuru za matofali. Walilichukua swali kwa uzito. Jumamosi moja ya mwaka 1946 mmoja wao, Kabwe, alipiga magoti kuungama mbele ya Padri wa misioni, tunayemwita Mompe, na kusema, kama alivyotusimulia mwenyewe akicheka: "Mompe, hii juma nilikata miti makumi ine. Tano ilikuwa ya vinkubala." Hao ni viwavi tunaowala sote. Nyuma yake walipanga mstari wenzake kumi na wawili wenye dhambi hiyo hiyo. Siku hiyo supu ya Padri ilipoa.

Jumatatu Padri alimwita Liévin. Mwenye kandarasi ndiye aliyetoa mabati ya kanisa, na watu wake walikuwa wameanza kukataa kukata miti ya kwenye chemchemi.

— Kukata muti haiko zambi, Padri alisema. Futa ile swali.

— Mompe, Mungu aliweka muntu mu bustani alime na achunge. Hakumuambia amalize.

— Utafuta?

— Hapana, Mompe.

Siku hiyo hiyo alivuliwa ukatekista na kuondolewa katika nyumba ya misioni. Kila mtu alijua, na sisi tulinyamaza, mimi wa kwanza. Miaka mitatu baadaye chemchemi ilikauka, mama zetu wakawa wanateka maji mbali, na hakuna aliyekwenda kumwambia Liévin pole.

Akiwa na watoto watano wa kulisha, alichukua kazi pekee aliyoipata: kutia kuni katika tanuru zile zile. Alifanya hivyo miaka tisa. Kila Jumamosi, alituambia, aliiungama kazi yake, na kila Jumamosi Padri alimjibu: "Ile haiko zambi, Liévin. Leta ingine." Alirudi nyumbani bila ondoleo la jambo lililomlemea kuliko yote. Nilimwona akilia, naye hakuwa mtu wa kulia.

Moshi ulimharibu kifua. Tangu Mei mwaka huu wa 1956 alikohoa damu. Alhamisi tarehe 8 Novemba Padri alimletea mafuta matakatifu. Kabla hatujatoka chumbani, Liévin alisema kwa sauti, sote tukisikia: "Mompe, nilichoma miti ya Mungu miaka tisa. Unisamehe hata leo." Padri aliinua mkono na kumwondolea dhambi. Liévin alikata roho Ijumaa asubuhi.

Mompe, uko hapa. Ninakuuliza mbele ya kaburi hili: kama haikuwa dhambi, ulisamehe nini? Na kama ilikuwa dhambi, kwa nini ulimnyang'anya kazi yake?

Ameacha mjane, Victorine. Watoto Faustin, Virginie, Albertine, Clément na Bijou. Na mimi mdogo wake, niliyenyamaza miaka kumi. Ee Bwana, mpokee katekista Liévin, umpe amani tuliyomnyima.