Mama Loisi na Kijani cha Kwinini

Jumanne hii, tarehe 30 Juni 1959, Mama Loisi Nzunda anavua aproni yake baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha dawa cha misheni yetu hapa kijijini Ruanda. Alikuja mwaka 1928 kuosha chupa. Anaondoka akiwa mpimaji wa dawa, na hakuna chupa iliyotoka mlangoni bila ruhusa yake. Wengine tulinuna, mimi Luka wa stoo nikiwa wa kwanza.

Zamani dawa ya homa tuliipima kwa ulimi. Gome la mkwinini lilichemshwa, mmoja wetu akaonja; akikunja uso, basi, imepita. Nilikuwa bingwa wa kukunja uso. Mama Loisi akajifunza kwa daktari njia nyingine: matone ya maji ya bromini, kisha amonia. Kwinini ikiwemo, dawa hugeuka kijani; ikiwa nyingi, kijani hukolea. Tulimtania kwamba anapika mchicha.

Mwaka 1942, wakati wa vita, gome liliadimika. Mfanyabiashara mmoja wa Tunduma akatuuzia dawa aliyosema imekwisha kukamuliwa kutoka kwenye gome, chupa arobaini. Nikaonja. Lo! Chungu kama shubiri. Nikaweka sahihi, nikapakia lori la Kamsamba, ambako homa ilikuwa imewalaza watu baada ya mafuriko. Dada yangu Enesi alikuwa huko na mtoto wake wa miaka miwili, aliyekuwa akitetemeka kwa homa usiku na mchana.

Mama Loisi akalizuia lori. Alikuwa amepima mara tatu, na mara zote dawa ilibaki kahawia. Nilimfokea, sifichi. Nilimwambia mtoto wa dada yangu atakufa tukingojea rangi. Alinipa neli ya kioo nitazame mwenyewe, akaenda kuchemsha mabaki ya gome yaliyosalia ghalani. Alasiri kijani kikatoka, tukapakia upya. Baadaye mfanyabiashara alikiri: ile haikuwa chungu kama shubiri, ilikuwa shubiri yenyewe! Shubiri huharisha, na kwa mtoto aliyedhoofika vile ingekuwa kaburi.

Dereva aliporudi na habari kwamba mtoto anakula uji, niliketi chini palepale stoo nikalia. Hata leo nikikumbuka nashusha pumzi.

Mama Loisi, ahsante kwa ubishi wako. Nenda ukaangalie kahawa yako, ulale mpaka jua likuamshe, na Mungu akuongezee miaka yenye afya. Ila Agosti usikose Kamsamba. Ruti, yule mtoto, anaolewa, na Enesi ameagiza ukae upande wa wazazi.