Fundi Randa, Aliyebatizwa Mara Tatu

Ndugu waombolezaji, majirani, mafundi wa karakana, na nyinyi wazee wa kanisa mliokaa mbele, aliyepangiwa kusoma ni mtoto wa kwanza wa marehemu, lakini sauti imemkauka tangu jana, kwa hiyo karatasi nimeshika mimi dada wa marehemu, niliyeishia darasa la pili, nikikwama kwenye neno mnivumilie, nikikwama kwa machozi mnivumilie pia.

Marehemu, ambaye nyote mlimwita Fundi Randa kwa sababu hakuna siku aliyorudi nyumbani bila maranda ya mbao kichwani, alizaliwa Jumatatu, tarehe 11 Machi 1946, kijijini kwetu chini ya mlima, akiwa mtoto wa nne wa mama yetu na wa pili kuishi, wa kwanza ni mimi, wale wawili wa katikati walikufa kabla ya kuota meno. Tarehe 2 Juni mwaka huohuo mama alimbeba mgongoni kutoka alfajiri hadi adhuhuri kwenda misheni ya mlimani, mimi wa miaka sita nikiwa nimeshika pindo la nguo yake, na mmisionari alipommwagia mtoto maji kichwani mama alilia mpaka ibada ikasimama kumsubiri, maana wale wawili walizikwa bila jina, na huyu sasa alikuwa ameandikwa kitabuni.

Alisoma shule ya misheni hiyo kuanzia 1955 hadi 1960, akamaliza darasa la sita, kisha 1961 hadi 1964 akafundishwa useremala palepale, na mabenchi ya kanisa la mlimani ni kazi ya mikono yake, yana migongo iliyosimama wima kama ukuta, kwa sababu mmisionari alitaka asisinzie mtu, ingawa mjomba wetu alisinzia humo miaka thelathini bila kuanguka hata mara moja.

Mwaka 1965 alivuka mto kufuata kazi, na hapa niwaeleze vijana, zamani wamisionari walikaa wakagawana nchi kama warithi wanavyogawana shamba, upande huu wa mto ni wa hawa, ng'ambo ni wa wale, kule relini ni wa wengine, wala sisi wenye miguu hatukuulizwa, ikawa mtu akivuka maji kutafuta riziki halikuti kanisa lake, analikuta la wenyewe, na wenyewe ndio wenye karakana, na karakana haimwajiri asiye muumini wao. Wakamwambia kubatizwa mtoto mchanga hakuhesabiki, hivyo Jumapili ya tarehe 17 Aprili 1966 wakamzamisha mzimamzima kwenye tangi la saruji nyuma ya karakana, akatoka na mafua ya wiki mbili na kazi ya miaka mitano. Huko alitengeneza mabenchi yenye pengo katikati, wanaume huku, wanawake kule, na barua aliyoniandikia ilisema, dada, huku hata Mungu wanamtazama kwa zamu.

Mwaka 1971 alikuja mjini hapa, akaajiriwa karakana ya mabehewa ya reli, alikofanya kazi hadi alipostaafu mwaka 2001, na hapo ndipo alipomwona binti wa mpiga ngoma wa kanisa hili letu. Kanisa hili, kama mnavyojua, lilijitenga na wamisionari mwaka 1958, wazee wetu wakisema wamechoka kuitwa watoto na mvi zimeshawaota, wakaweka sheria kwamba kilichofanywa na mkono wa mgeni hakihesabiki, na maji ya kweli ni ya mto unaotembea. Mtu mkavu hapa hapewi mke, naye akaingia mtoni Jumapili ya tarehe 9 Januari 1972, akafunga ndoa Jumamosi ya tarehe 5 Februari, na hakuna aliyemuuliza kama alishaloweshwa kwingine, wala yeye hakujitangaza. Mabenchi mliyokalia sasa hivi ni yake, mepesi ya kubebwa na watu wawili, maana nyinyi mkianza kucheza hamtaki kujikwaa.

Walijaliwa watoto watano, wanne wako hapa, mmoja alitangulia mwaka 1983, na mkewe, wifi yangu, mwanamke ambaye hakuwahi kunishinda kwa maneno ila alinishinda kwa kunyamaza, alifariki tarehe 20 Agosti 2015, akazikwa ndani ya uzio wa kanisa.

Sasa nafika mahali nisipopapenda. Mwezi Agosti mwaka 2019, kwenye foleni ya mashine ya kusaga, wanawake walikuwa wanajisifu nani kaokoka zaidi, na mimi ulimi ukaniwasha, nikasema, hamna kitu nyinyi, kaka'enu Fundi kafuliwa mara tatu kama nguo ya kazi, wakacheka, nikacheka, na kabla sijafika nyumbani na unga wangu habari ilikuwa imeshakaa kwa mzee wa kanisa. Tarehe 14 Septemba akaitwa kwenye kikao, akaambiwa, Fundi, wewe sema tu yale maji ya kwanza yalikuwa bure, yaishe, twende tukale. Akajibu, mzee mwenzangu, siwezi kusema mama yangu alinipeleka kuoga.

Kwa neno hilo moja alitengwa, na miaka minne na zaidi alikaa nje ya dirisha kila Jumapili, kwenye kigoda alichojitengenezea, akiimba kutokea huko, na hakuwahi kuniuliza nani alisema, ingawa alijua, kwa sababu mwenye siri hiyo mjini hapa alikuwa mmoja. Nilimpelekea chai pale dirishani mara nyingi nikitaka kumwambia, chai ikapoa, sikusema.

Mwezi Mei 2022 alianza kukohoa, daktari akasema ni vumbi la mbao la miaka sitini limetulia mapafuni, akalazwa mara tatu, na Jumanne ya tarehe 6 Februari 2024, saa nne asubuhi, akafariki akiwa na miaka sabini na saba.

Jana jioni mzee wa kanisa aliniletea karatasi nyingine, ina mwandiko mzuri kuliko wangu, inasema marehemu alibatizwa mara moja, hapa, mwaka 1972, akaniambia, bibi, soma hii, fupi na safi, tumzike ndani ubavuni kwa mkewe, ukisoma ile yako atalala nje. Vijana wamechimba makaburi mawili, moja ndani, moja nje, kwenye kiwanja alichotupatia jirani yetu mkunga, waya wa uzio ukiwa katikati. Ulimi wangu ndio uliomtoa, na leo ungeweza kumrudisha kwa uongo mdogo tu, usiku kucha nimeupima, lakini uongo huo yeye aliukataa akiwa hai na ana njaa ya kuingia, nani mimi nimsemee amekufa? Mama alilia pale, nilikuwepo, nimeshika nguo yake. Nimesoma yangu.

Tunawashukuru daktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, majirani waliotupikia na kutuchotea maji siku zote hizi, mafundi wenzake waliotengeneza jeneza bila kuambiwa vipimo, na mkunga kwa kiwanja chake. Mzee wa kanisa, nawe nakushukuru kwa karatasi, hii hapa nakurudishia, na kama kanisa linataka mtu wa kumtenga, mwenye makosa ni mimi, jina langu mnalijua. Jeneza litapita langoni kwako kwanza, na ufunguo unao wewe, ukifungua tutaingia, usipofungua tutazunguka, si mbali.

Mdogo wangu, pumzika kwa amani, upande wowote wa waya.