Lenzi ya Wenye Sebule

Fundi bomba, ambaye mtaa mzima humwita Haki Sawa, alipanda basi akiwa amepakata lenzi ya kamera kama mtoto mchanga, na kabla ya kituo cha pili bibi muuza vitambaa aliyeketi ubavuni mwake alikuwa ameshaijua habari yote.

"Muuzaji aliniambia hii ndefu inapendezesha nyuso, nami mjanja wa mjini nikaingia mkenge," alisema. "Jana niliijaribu chumbani kwa mama, nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagota mlango wa jirani, na bado nikampata mjomba tumbo tu. Hizi wanawatengenezea watu wenye sebule." Bibi akamshauri awapige picha nje. "Mama yangu hatoki kitandani, bibi. Na kesho ndiyo mara ya kwanza tunakutana ndugu wote tangu tugombane. Anataka picha moja tu, tumzunguke."

"Basi kaibadilishe, uchukue fupi."

"Ndiko niendako. Ila fupi inawavimbisha wa pembeni, pua inakuwa kama kiatu."

Haki Sawa amehutubia mikutano yote ya mtaa kwamba hakuna binadamu wa kusukumwa pembeni. Kikao alichokalishwa nyuma ya nguzo, enzi za ujana wake, anakikumbuka hadi leo kwa hasira mbichi.

"Sasa pembeni utamweka nani?" bibi akauliza.

"Mashemeji," akajibu, hata hajafikiri.

Bibi akacheka mpaka akashika kiti cha mbele. Basi likasimama mkabala na duka la kamera, Haki Sawa akashuka, akavuka barabara na lenzi yake kwenda kuchukua fupi.