Mama Bado Anaiacha Meza ya Maswali

Ndugu wasomaji wa jarida letu, salamu nyingi kwenu nyote. Hamjambo? Na nyumbani hawajambo? Mliobanwa na mafua ya majuzi, natumai Mungu amewajalia nafuu. Sisi huku Ofisi ya Maswali ya Maandishi tu wazima, ila tuna pengo. Tarehe thelathini ya mwezi wa sita, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, mkuu wa meza yetu, ambaye karibu Bunge zima linamjua kwa jina la Mama Bado, alifunga droo zake, akanikabidhi funguo, akaenda nyumbani kupumzika.

Nimeombwa niandike wasifu wake. Mimi ni tarishi, kalamu yangu si ya wasomi. Lakini bahasha zake nimezibeba mimi, jua na mvua, basi mtanivumilia.

Alianza kazi akiwa mpiga chapa, binti mwembamba, mwenye mkono mwepesi kuliko wote chumbani. Baadaye akapewa faili, kisha akapewa meza yenyewe. Kwa wageni nieleze kidogo. Mbunge akitaka kumbana waziri, anaweza kumuuliza ukumbini mbele ya watu. Lakini swali la mdomo waziri anaweza kulichekea, akanywa maji, akazungukazunguka mpaka muda ukaisha. La maandishi halina ujanja huo. Linaandikwa, tunaligonga muhuri, nalipeleka wizarani, na waziri hana budi kujibu kwa maandishi na kutia sahihi yake. Lisipojibiwa linabaki pale mezani kwake linamtazama.

Jina la Mama Bado alipewa na makarani wa wizara. Wakishaleta jibu, walikuwa wanapiga simu kwa sauti ya asali, "Mama, letu limetosha?" Naye alikuwa analisoma taratibu, kidole kikifuata mstari, kisha anasema, "Bado, baba." Swali limeuliza barabara itajengwa lini, jibu linasema barabara ni muhimu. Bado. Swali limeuliza dawa zimekwenda wapi, jibu linasema dawa zilipokelewa. Bado. Karani mmoja alinisindikiza getini akilalamika, "Huyu mama yenu hata malaika akimletea jibu atamrudisha!" Nilipomfikishia maneno hayo Mama Bado alicheka mpaka akavua miwani. "Malaika mwenyewe atajibu vizuri," alisema. "Shida yangu ni hawa wenye mawigi na tai."

Sasa niseme lile ambalo mkuu wa jarida aliniambia nilipitie juujuu. Nimesali, nikaona siwezi kulipitia juujuu. Bila hilo wasifu huu utakuwa wa mtu mwingine.

Kulikuwa na swali moja fupi. Liliulizwa zamani na mbunge mzee tuliyemwita Mheshimiwa Fimbo, kwa sababu ya mkongojo wake. Serikali ilijenga bwawa, bonde likajaa maji. Ndani ya bonde lile kulikuwa na kituo cha kupimia maji, chenye watumishi wanne. Wizara ilitangaza kwamba wote walihamishwa. Mheshimiwa Fimbo akauliza: walihamishiwa wapi?

Jibu lilikuja kwamba walihamishwa kwa kufuata taratibu. Mama Bado akasema bado. Likaja kwamba uhamisho ni jambo la kawaida katika utumishi. Bado.

Mheshimiwa Fimbo akafariki, Mungu amrehemu, na hapo ndipo kanuni inapouma. Swali ni la mbunge. Mwenyewe akifa au akishindwa uchaguzi, swali nalo linafutwa, isipokuwa mbunge mwingine akubali kulitilia sahihi liwe lake. Mama Bado aliyaita maswali ya namna hiyo mayatima. Kila Bunge jipya likianza, mtamkumbuka pale kwenye korido ya chai, faili kifuani, akimnyemelea mheshimiwa fulani. "Baba, nina mtoto hana mlezi. Hali sana, halii usiku." Wapo waliokuwa wakimwona wanaingia chooni. Mmoja alijifungia chumba cha mitambo ya sauti, na kikohozi chake kikasikika ukumbi mzima. Lakini kila mara alipatikana wa kutia sahihi, na swali la bonde halikufa.

Aliyekuwa analisubiri ni mama mmoja, mzazi wa mpima maji aliyekuwa mdogo kuliko wote wanne pale kituoni. Alikuwa anakuja kila mkutano wa Bunge, anakaa kwenye benchi letu chini ya taa ndefu ile inayopepesa, amepakata mfuko wenye sweta la bluu. Hakuwa mtu wa kelele. Aliuliza tu, "Mwanangu wamempeleka wapi?" Mama Bado alimjibu, "Bado, dada yangu. Tunaendelea kuuliza." Nadhani Mama Bado hakuwahi kulisema neno lile kwa uchungu kama alivyomwambia yeye.

Na kuna simu.

Ile ya kijani, ya mezani, mnaijua. Kila Alhamisi asubuhi Mama Bado aliitumia kuzikumbusha wizara majibu yaliyochelewa. Kitabu chake cha namba kilikuwa cha kale, hakutaka kipya, alisema kipya kina namba za wakubwa tu na wakubwa hawapokei. Alhamisi moja alitaka Kitengo cha Maji, akapiga namba iliyoandikwa humo. Ikapokelewa. Sauti ya kijana, ya adabu, ila ya mbali, na nyuma yake kama bomba lililoachwa wazi.

"Shikamoo, mama. Hapa kituoni."

Akajitambulisha, akasema anafuatilia swali la bonde. Kijana akamuuliza yeye, "Kwani limeshajibiwa?"

"Bado, baba."

"Haya, mama. Tunasubiri. Kuna baridi kidogo huku, lakini hatujambo."

Alikata akijua amezungumza na mtu wa wizara. Nilipokwenda wizarani na bahasha nikauliza hicho kitengo kipo ghorofa gani, walinishangaa. Kilivunjwa zamani. Na ile namba, akaniambia mlinzi mzee wa pale, haikuwa ya wizarani hata siku moja. Ilikuwa ya kituo chenyewe, kule bondeni.

Mimi ni mtu wa kusali. Nilimwambia Mama Bado tumwite kiongozi wa dini au tumwite fundi. Akachagua fundi. Fundi wa simu akafungua kisanduku ukutani, akafuata waya, akasema, "Mama, hii laini imekufa tangu bwawa lijae. Hapa haipiti hata nzi." Mama Bado akampigia ile namba, akampa mkonga wa simu. Fundi akasikiliza. Akaurudisha mahali pake polepole, kama mtu anayemlaza mtoto, akavaa kofia yake, akaondoka. Mkoba wa bisibisi zake uko chini ya meza mpaka leo. Nimempelekea salamu mara nyingi aje auchukue. Anasema atanunua mwingine.

Basi ikawa hivyo. Kila Alhamisi, akishamaliza wizara zote, Mama Bado alipiga ile namba. Shikamoo, marahaba. Limejibiwa? Bado. Haya, mama. Kitu alichokuwa anafanya ni kuvaa koti kwanza, hata wakati wa joto kali, maana chumba kilikuwa kinapoa. Nilimuuliza kwa nini haachi. Akasema, "Mtu anauliza kwa adabu namna ile, utamkatiaje simu?"

Kwa mzazi wa mpima maji hakusema kitu. Siku moja tu ilimponyoka, akamwambia nasikia kule kituoni kulikuwa na baridi. Yule mama akaubana mfuko wake. "Nilimwambia abebe sweta. Akasema, mama, nitalirudia."

Mwaka huu mambo mawili yaligongana. Mkutano wa mwisho wa Bunge hili, ambao ukifungwa maswali yote yasiyojibiwa yanafutwa, na kustaafu kwa Mama Bado, vyote ndani ya siku saba. Mlezi wa swali wakati huo alikuwa mheshimiwa mmoja aliyewahi kuwa mwalimu wa sekondari, na yeye alikuwa ameshasema hagombei tena. Sisi tuliobaki ofisini, niseme ukweli mbele ya Mungu, hatuna miguu ya kumkimbiza mtu kwenye korido ya chai. Ilikuwa wazi kwamba lisipojibiwa kabla ya hapo, halitajibiwa.

Waziri naye alilijua hilo. Alhamisi asubuhi akaja mwenyewe, mpaka chumbani kwetu, kitu ambacho sikuwahi kuona. Kijana mtanashati, mchangamfu, mpya kwenye wizara ile. Alikaa pembeni ya meza akamwita mama.

"Mama, mimi sikuwepo wakati wa bwawa. Nilikuwa shule ya msingi! Unataka nifukue makosa ya wenzangu? Liache tu. Bunge likifungwa likafa, limekufa lenyewe, hakuna aliyeliua."

Mama Bado alikuwa ameshavaa koti. "Sawa, mheshimiwa," alisema. "Ila leo ni Alhamisi, nina simu yangu moja ya kumalizia. Tafadhali nisaidie kuwaambia hivyo wewe mwenyewe."

Akapiga namba, akampa mkonga. Waziri alianza kutabasamu, labda akidhani ni mwandishi wa habari. "Halo," alisema. Kisha tabasamu likabaki usoni bila mtu ndani yake. Mzazi wa mpima maji alikuwa kwenye benchi lake, hatua chache tu, anamtazama. Taa ikapepesa ikatulia. Sisi wote tulikuwa tunaona pumzi ya Waziri ikitoka kama moshi, asubuhi ya jua kali. Alisikiliza kwa muda, akafungua mdomo, na tuliomzunguka tukamsikia akisema neno moja tu.

"Bado."

Akaomba kiti. Akaomba maji, kisha glasi ilipofika akaitazama, akaisukuma mbali.

Jibu lilifika Jumatatu, siku moja kabla Bunge halijafungwa. Halikupigwa chapa. Aliliandika kwa mkono wake. Lilisema kwamba watumishi wanne wa kituo cha bondeni hawakuhamishwa. Amri ya kuwaondoa ilikaa wizarani ikisubiri sahihi, mageti ya bwawa yakafungwa kabla ya wakati ili mgeni wa heshima aone maji yakipanda, na watumishi wakiwa kazini. Wizara ilijua tangu wiki ile ile. Wapo kituoni hadi leo.

Mama Bado alilisoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Nilisimama mlangoni nikisubiri. Mwishowe akagonga muhuri, akasema, "Limetosha." Kwa miaka yote niliyomhudumia sijui kama niliwahi kulisikia neno lile likitoka kinywani mwake.

Kisha akamwita yule mama ndani, akamkalisha, akamshika mikono, akamsomea. Yule mama alilia kidogo, kilio cha mtu aliyekuwa anajua. Akauliza kama kuna namna ya kumwambia mwanawe. Nilitaka kutoka, Mama Bado akanizuia kwa macho. Akapiga namba. Yule mama aliongea kwa sauti ya chini, maneno mengi sikuyashika, ila hili nililisikia: "Wamesema, mwanangu. Wameandika na sahihi wametia. Sasa njoo upumzike." Akasikiliza. Akaurudisha mkonga mwenyewe.

"Kasema hasikii baridi tena," alituambia. Akachukua mfuko wake na sweta lake akaenda nyumbani. Siku ya pili tulipiga ile namba. Kimya cha kawaida, cha laini iliyokatwa.

Ndugu wasomaji, huyo ndiye tuliyemuaga. Kwenye sherehe mlimwona alivyopendeza. Spika alimpa kiti cha kuegemea, sisi wa ofisini tukamchangia koti jipya, na wale makarani wa wizara, wenye vituko vyao, wakamletea simu ya mkononi. Aliirudisha kwa shukrani. "Ya simu yamenitosha, wanangu." Aliulizwa kama ana neno la mwisho, akasema aliyebaki mezani asichoke. Akanitazama mimi.

Mama Bado, najua jarida hili litakufikia, nitalileta mwenyewe kama nilivyoleta mengine yote. Tunakushukuru kwa uvumilivu na ucheshi wako, na kwa kutokubali jibu la kuzungukazunguka. Mungu akupe afya, wajukuu wakuzunguke, usingizi wako uwe mzito. Uishi vyema, mama yetu, umeyastahili.

Ila kuna jambo, na sikuweza kulisubirisha. Alhamisi iliyopita ile simu ya kijani iliita yenyewe. Nilipokea. Alikuwa mwanamke, wa adabu sana, na nyuma yake kulikuwa na upepo, kama mtu aliyesimama mahali palipo wazi, hapana ukuta wala mti. Alinisalimu, akataja mahali walipo, akauliza kama swali lao limeshajibiwa. Nilimwomba asubiri. Nimepekua mafaili yote, na karani wa kumbukumbu za Bunge amepekua yake. Hakuna swali kama hilo. Hakuna mbunge aliyewahi kuliuliza.

Alhamisi inakuja na ataita tena. Koti nimeshavaa. Tafadhali, mama, nijibu mapema: mtu ambaye swali lake halijaulizwa, anaambiwa nini?