Video ya Maombezi Yangu Imefutwa

Mwakeye, ndugu zangu! Asifiwe Bwana anayeona yote wala hasambazi!

Mnanijua, Mama Neema, muuza ndizi wa sokoni hapa Kasulu. Nilipojifungua usingizi ulinikimbia, nikawa mtu wa kulia tu. Nikaja kuombewa hapa hapa kanisani. Nikaanguka, khanga ikafunguka, nikapayuka hadi mambo ya chumbani kwangu. Kumbe Elia wetu wa mitambo anarekodi! Jioni niko Facebook.

Ndugu zangu, nilikoma! Sokoni ikawa, "Mama Mapepo, na hizi ndizi zimeombewa?" Video ikafika Munanila kwa mama mkwe. Akatuma neno: mwenye mapepo hamlei mjukuu wangu, nakuja kumchukua. Na Neema bado ananyonya! Mume wangu akachukua jembe, akaenda zake shamba.

Nikamfuata Elia. Futa! Akanijibu, "Dada, huo ni ushuhuda, watu wanaokoka." Ushuhuda wa nani? Niliutoa mimi? Na wewe mchungaji, nisamehe, uliniambia nisizuie kazi ya Mungu.

Ndipo Bwana akamwinua Mwalimu Rehema, mpangaji mwenzangu, mtu wa Iringa. Akaniambia, "Mama Neema, sura yako ni mali yako. Kuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi. Hukuridhia, basi dai wafute." Mimi nilidhani sheria hizo ni za wakubwa! Tukaenda wote kwa mchungaji, Rehema akamweleza sheria hiyo. Mchungaji akainamisha kichwa, kisha akamwita Elia: "Futa. Mbele yake."

Kidole kimoja, ndugu zangu! Jambo lililotaka kumtoa mwanangu kifuani likaondoka kwa kidole kimoja!

Mama mkwe alipofika, akafungua simu awaonyeshe wazee wa ukoo. Hakuna kitu! Akafungua tena. Hakuna! Akabaki anamtazama Neema alivyonenepa. Akambeba, akambusu, akarudi Munanila peke yake. Haleluya!

Najua wapo walioihifadhi. Nitawafuata mmoja mmoja. Lakini jambo moja linanishangaza mpaka leo: Mungu ndiye aliyeniona wa kwanza siku ile, vile nilivyokuwa, na hakumrushia mtu. Wewe uliyeaibishwa, mwamini huyo, halafu simama udai kilicho chako.

Huu sasa ndio ushuhuda. Nimeutoa mwenyewe, nimesimama, nimevaa.

Elia, shusha hiyo simu!