Siku Niliyoshindwa Kuitikia Amina ya Mvua

Bwana asifiwe, kanisa. Wale mlioitikia mkiwa bado mnatafuta mahali pa kukaa, nawapa nafasi ya pili: Bwana asifiwe! Asanteni.

Mimi ni Ndunge, dada mkubwa wa Mwende, Kyalo na Mumo, wale watatu walio pale karibu na dirisha. Mumo amekalia mgongo wa benchi. Mwende, mshushe. Wengi mnanijua kwa sababu ya kazi. Mimi ni mratibu wa mtandao, si wa kompyuta bali wa watu, katika shirika linalofanya kazi na vikundi vya mwethya, vile vya majirani wanaolimiana mashamba kwa zamu, huku kwetu Makueni na kule Kitui. Lakini leo sikuja na habari za shirika. Nimekuja kusema jinsi Mungu alivyonitoa katika hofu iliyonikalia tangu tulipozika wazazi wetu.

Ndugu zangu, baba alitangulia, na mama akamfuata kabla nyasi hazijaota kaburini kwa baba. Nilikuwa kidato cha pili. Mumo alikuwa bado anabebwa mgongoni. Baada ya mazishi ya mama ukoo ulikaa, na baba mdogo, yule anayemfuata marehemu baba, ndiye aliyeongea. Walikuwa wameamua kwamba Mwende aende kwa shangazi Kilungu, Kyalo akae kwake yeye baba mdogo, Mumo achukuliwe na watu wa mama upande wa Kyuso, nami nirudi shule. Si kwamba walikuwa watu wabaya. Walikuwa wametazama maghala yao, wakatazama na huruma yao, wakaona hivyo ndivyo itakavyowezekana.

Nilikataa. Nikasema hawa watoto watalala nyumba moja, na shule nitaacha mimi. Walinitazama sana. Mwishowe baba mdogo akasema sawa, nijaribu, lakini siku nitakayoshindwa niseme, na siku hiyo watoto watagawanywa bila mabishano. Nikakubali. Ukiwa umri ule na umechoka kulia, unakubali lolote ili wageni waondoke uwalaze watoto.

Basi maneno hayo yakawa sheria ya nyumba yetu. Niliishi nikiogopa kuonekana nimeshindwa. Tukikosa chumvi, tulikula muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, bila chumvi, na jirani akituuliza nasema daktari ameikataza. Paa likivuja nasogeza kitanda. Nililima, nikauza maji, nikafua nguo za watu sokoni Kathonzweni, na kila aliyeuliza mnaendeleaje alijibiwa tunaendelea vizuri. Kuomba kikombe cha unga kwangu kulikuwa ni kumfungulia baba mdogo mlango aje awachukue.

Katika mwethya nilichukua nafasi ya mama. Niliwachimbia wengine, nikaimba na wengine, lakini zamu yangu ikifika nasema mpeni mwenye shida. Waliona ni ukarimu. Kwa sababu nilikuwa na miguu mepesi na sisahau ninachotumwa, wakaanza kunituma kwa vikundi vingine: nenda uwaulize wana mbegu gani, nenda uwaambie bwawa letu la mchanga limeshika maji. Shirika lilipokuja kutafuta mtu wa kuviunganisha vikundi, akina mama wakanisukuma mbele. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi hii, na namshukuru Mungu kwa ajili yake, maana ndiyo inayomsomesha Mwende.

Kazi yenyewe ni kujua nani ana nini na nani amekosa nini. Watu wa Kyuso wana ndengu nzuri na mbuzi. Watu wa Kilungu wana matunda, na wanajua kushika udongo mlimani usishuke. Kila Jumatatu natuma ujumbe wa sauti kwenye simu za viongozi wote. Na kuna kanuni moja ambayo nimeifundisha kila mahali: anayehitaji mwethya husimama mwenyewe mbele ya kikundi, aseme kwa kinywa chake kazi iliyopo na watu walio nyumbani kwake. Hakuna kusemewa, hata na mama yako mzazi. Tulifanya hivyo kwa sababu wajane walikuwa wanasemewa na mashemeji, na shemeji anaomba mambo yake. Wajane wengi niliwashika mkono nikiwaambia, mama, simama tu, hakuna atakayekucheka. Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kusimama.

Sasa sikilizeni. Msimu uliopita, kabla ya mvua za vuli, nilikuwa narudi kutoka Kyuso. Pikipiki iliteleza tukivuka mto mkavu, mchanga ukatumeza gurudumu, nikaanguka na mguu ukavunjika. Dereva alitoka salama, Bwana asifiwe. Mimi nilirudi nyumbani na plasta hadi juu ya goti.

Shamba letu liko kwenye mteremko. Mvua za masika zilikuwa zimebomoa matuta yetu ya fanya juu, yale ya kuchimba mtaro na kurusha udongo upande wa juu. Nilikuwa nimepanga kuyachimba upya nikitoka safari. Sasa nimelala kitandani, na mbingu za upande wa Chyulu zimeanza kuwa nyeusi. Mvua ikinyesha juu ya matuta yaliyobomoka, inaondoka na udongo wote na kuacha mawe. Shamba hilo likiondoka, chakula kimeondoka. Chakula kikiondoka, ukoo utakaa tena, na safari hii nitakuwa sina la kusema.

Mwethya uko hapo hapo, ninyi mtasema. Ndiyo, uko. Lakini baba mdogo ni mwanachama. Kusimama mbele ya kikundi kulikuwa ni kusimama mbele yake.

Jumapili moja nikaja kanisani kwa magongo. Mchungaji, utakumbuka. Ulituambia tuinue mikono tuombe mvua. Kanisa lote likainuka. Mama mmoja nyuma yangu alikuwa analia akitaja ng'ombe wake kwa majina. Nami, ndugu zangu, niliinua mikono na moyoni nikasema, Bwana, izuie kidogo. Izuie kwanza. Mtu wa Ukambani anaomba mvua ichelewe! Mngenisikia mngenitoa nje na magongo yangu. Na mliposema amina, mimi midomo yangu ilikataa kufunguka.

Tukiwa njiani kurudi, Mwende akaniambia, "Dada, hukuitikia amina."

"Mguu uliniuma," nikasema.

"Amina haisemwi na mguu."

Nilitaka kumkemea. Lakini Kyalo alikuwa amenishikia begi, nikaviona viganja vyake. Vilikuwa vimechubuka, malengelenge yamepasuka. Ndipo Mwende akasema kwamba wanapotoka shule wao wawili hupitia shambani kuchimba. Hawakuniambia kwa sababu walijua yale maneno ya siku ya mazishi. Walikuwa wameyasikia wakiwa nyuma ya mlango, wadogo vile. Miaka hiyo yote nilidhani naogopa peke yangu, kumbe nyumba nzima ilikuwa inaogopa kwa kunyamaza.

Tulipofika nyumbani niliwatuma kisimani, nikabaki jikoni. Nikamwambia Mungu kwa sauti, "Siwezi." Neno hilo sikuwa nimelitamka tangu tulipomzika mama. Mara zote nilikuwa naomba kwa kuzunguka: Bwana, wabariki watoto, Bwana, tupe nguvu. Siku hiyo nilisema siwezi matuta, siwezi mguu, siwezi kuwapoteza hawa watoto. Nililia mpaka moto ukazimika. Sikusikia sauti wala sikuona nuru, nisiwadanganye. Niliona tu kwamba nimesema siwezi mbele ya aliyeniumba na hakuna mtoto aliyechukuliwa. Nikajua Jumatano nitaenda kwenye mwethya.

Jumatano mwethya ulikutana hapa nyuma ya kanisa, kama kawaida. Kwa kawaida mratibu hukaa upande wa viongozi. Mimi nikaenda kukaa kwenye benchi la wenye haja. Mwenyekiti wetu, Mama Syombua, akadhani nimepumzisha mguu. Alipouliza nani ana neno, nikashika magongo nikasimama. Baba mdogo alikuwa mstari wa mbele, kofia mapajani.

Nikasema kama nilivyowafundisha wengine. Mimi ni Ndunge. Nyumbani kwangu tuko wanne, nikawataja mmoja mmoja. Matuta yangu yote yamebomoka, mguu wangu umevunjika, na mvua iko karibu. Naomba mwethya. Nikabaki nimesimama kwa sababu kukaa na plasta ni kazi.

Baba mdogo akainuka polepole.

"Ndunge," akasema, "umeshindwa?"

Kila mtu wa ukoo wetu pale alijua anauliza nini. Nilimtazama usoni, nadhani kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Matuta yamenishinda, baba. Watoto hawajanishinda."

Alibaki akizungusha kofia mikononi. Ndipo Mama Syombua akapiga meza kwa kiganja, akasema, "Mzee, hapa hatugawi watoto. Hapa tunagawa matuta. Nani anachukua la juu, lile lenye mawe?"

Watu wakacheka. Kilikuwa kile kicheko cha kushusha pumzi. Kicheko kilipokwisha, baba mdogo alikuwa bado amesimama.

"La juu ni langu," akasema, akavaa kofia yake.

Ndugu zangu, Mungu hakuishia hapo! Jumatatu iliyokuwa imepita sikutuma ujumbe wa sauti, na viongozi walikuwa wameulizana mratibu ana nini. Mama Syombua alipowajibu, hawakuniuliza mimi tena. Ijumaa asubuhi pikapu ikasimama kwetu, imejaa akina mama wa Kyuso na mifuko ya mbegu ya ndengu. Nyuma yao wakaja wazee wa Kilungu na majembe yao mazito. Watu hawa walikuwa hawajawahi kuonana. Walikuwa wamejuana kwa kinywa changu tu, nawapelekea salamu huku na huku. Sasa wanasalimiana uani kwangu, wanaitana kwa majina, wanashangaa huyu ni mfupi hivi.

Na wakagombana vizuri. Wa Kyuso walitaka kupanda siku hiyo hiyo kwenye udongo mkavu, kama wafanyavyo kwao. Mzee mmoja wa Kilungu akawaambia wanafukia mbegu vumbini kama kuku. Mama Kavata, kiongozi wa Kyuso, hakunyanyua hata kichwa.

"Ninyi mnangoja mvua iwapigie simu," akamwambia.

Mzee akaendelea kuchimba, lakini nilimwona akicheka ndani ya ndevu. Wakapatana: Kilungu wachimbe, Kyuso wapande nyuma yao. Mimi nilikalishwa kwenye kiti nikamenya viazi na kukatazwa kuratibu chochote. Kila nikifungua kinywa Mama Syombua ananiongezea viazi. Na kule juu kabisa, peke yake, baba mdogo alikuwa anang'oa mawe. Kyalo alipotaka kumsaidia, alimwambia apumzishe mikono kwanza.

Mvua ilinyesha wiki iliyofuata. Nilitoka na magongo nikasimama mlangoni. Maji yalishuka kutoka kwa jirani, yakafika kwenye tuta la juu, yakasimama. Yakajaa kwenye mtaro, yakatulia, yakaanza kuingia ardhini. Tuta la pili likafanya vivyo hivyo. Nikasema amina. Niliisema nikiwa nimelowa, na Mumo akauliza naongea na nani.

Baba mdogo alikuja ndengu zilipoanza kuchanua. Alikataa kuingia ndani, akasimama uani, akasema kwamba siku ile ya mazishi walisema vile kwa kuogopa nitakufa kwa kazi, mtoto anayelea watoto. Akasema amekaa na ukoo, na yale maneno wameyaondoa. "Mtu aliyeshindwa hana watu," akasema. "Wewe una watu wa kaunti mbili. Hawa watakaa hapa." Kisha akamuuliza Mwende kama kuna chai. Ndipo akaingia.

Ndugu zangu, sikuja kuwaambia kwamba shida zimeisha. Mguu unauma kukiwa na baridi. Karo ya Mwende bado inanitoa jasho, na Mumo ana kichwa kigumu kama cha marehemu baba. Lakini hofu ile imeondoka. Sasa nikikosa chumvi naenda kwa jirani, naye anajua kwangu hakuna daktari. Namshukuru Mungu wangu, nawashukuru ninyi wa mwethya, namshukuru baba mdogo, ambaye leo amevaa tai na anajifanya hanisikii.

Najua humu ndani kuna mtu anayejibu tunaendelea vizuri kila Jumapili, na nyumbani anasogeza kitanda. Pengine una kisa chako, una mtu unayemwogopa mstari wa mbele. Mimi sikuambii useme kwangu. Mwambie Bwana kwanza, kwa neno lile lile usilotaka kulitamka. Hatakuchukulia chochote kwa sababu umesema. Nimemwona, nimemjaribu, ni mwaminifu.

Sasa mimi nakwenda kukaa na watoto wangu. Mchungaji, naomba usiombe bado. Tunyamaze kidogo, maana kuna mtu anataka kusimama.